Kifuniko Chekundu cha Dende

Kwa miaka miwili, kila asubuhi nilipomaliza sala na kusema amina, kulikuwa na aliyeniitikia. Alikuwa dende, yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye vitabuni huitwa simbilisi. Alijua kwamba baada ya amina nitafungua mfuko na majani yatatoka, kwa hiyo hakungoja nisimame. Neno likinitoka tu, alipiga mluzi mrefu kutoka chini ya kitanda. Jirani yangu, mama anayeuza makaa kwenye lango la ua wetu hapa Kisugu, alimsikia kupitia ukutani.

"Mzee," aliniambia siku moja, "kanisa yako iko na mkristo moja tu, lakini huyo anajibu vizuri."

Dende hakuwa wangu. Alikuwa wa mjukuu wangu, mtoto wa mwisho wa binti yangu, aliyezaliwa hapa Kampala na ambaye huniita jajja kama watoto wote wa mtaa huu wanavyowaita babu zao. Walipopata nafasi ya kuhamia ng'ambo, mimi sikuwa kwenye karatasi zao. Nilivuka mpaka kutoka Kongo mwaka mmoja baada ya wao kuvuka, nikaandikishwa peke yangu, katika faili nyingine. Faili hiyo bado inangoja, nami nangoja pamoja nayo. Silalamiki. Mungu amenipa chumba kisichovuja, na magoti yangu bado yanakunjika kwa sala.

Siku moja kabla ya kuondoka, mjukuu wangu, wakati huo ana miaka tisa, aliniketisha kwenye kigoda akanipa mafundisho. Majani ya viazi ulaya nisimpe kabisa. Majani makavu nisimpe peke yake.

"Na maji, jajja. Kila asubuhi, katika hiki." Akanipa kifuniko chekundu cha kopo la siagi. "Sema umesikia."

"Nimesikia."

"Sema utafanya."

"Nitafanya."

Niliahidi nikiwa na nia njema, kisha nikasahau ahadi kwa sababu nilijiona najua zaidi. Nilikulia milimani juu ya Bukavu. Mama yangu alifuga madende jikoni, labda thelathini, wakikimbia kati ya mafiga na miguu yetu. Sisi watoto tuliwakatia majani alfajiri, na mgeni alipofika mmoja alikwenda chunguni. Sikumbuki hata siku moja dende kupewa maji. Tuliambiwa maji humvimbisha tumbo, na atosheke na majani. Nilipokiona kile kifuniko niliona ni mambo ya mtoto wa mjini. Nikakiosha, nikakiweka rafuni kando ya Biblia.

Kila Jumapili baada ya ibada simu ililia. Binti yangu hufanya kazi kwa zamu na mara nyingi siku hiyo hayupo nyumbani. Mjukuu wangu mkubwa hapendi simu. Aliyepiga ni yule mdogo, na swali lake la kwanza lilikuwa dende. Nilimwelekezea simu chini ya kitanda, wakazungumza, yeye kwa maneno na mwenzake kwa miluzi. Mimi nilikuwa mshika simu tu. Lakini nilisikia sauti ya mtoto chumbani mwangu, na sauti hiyo ilinitosha mpaka Jumapili nyingine.

"Unampa maji?" aliuliza.

"Yuko sawa," nilijibu.

Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Nimewafundisha wengine katekisimu, na nimewaambia kwamba nusu ya kweli ni vazi la uongo. Lakini jibu langu nililirudia, Jumapili baada ya Jumapili.

Kisha siku moja akasema anataka kumwona akinywa. Nikachukua kifuniko rafuni, nikapangusa vumbi kwa kidole, nikatia maji, nikakiweka mbele ya simu. Dende alikuja mbio. Alikunywa bila kuinua kichwa, akanywa tena, mtoto akacheka huko aliko.

"Leo ana kiu sana, jajja."

"Leo kuna joto," nilisema.

Simu ilipokatika nikamwaga maji yaliyobaki, nikarudisha kifuniko rafuni. Niliona kwa macho yangu jinsi alivyokunywa, na bado niliogopa lile tumbo aliloniambia mama. Hapo ndipo ninaporudi kila ninapojichunguza mbele za Mungu.

Kiangazi cha mwanzo wa mwaka huu kilikuwa kirefu. Nyasi za mteremkoni zilikauka, na majani ya kabichi niliyookota kwa wauza mboga yalikuwa yamesinyaa kabla sijafika nyumbani. Dende akaacha kukimbia. Jumatatu moja nilisema amina, akaitikia kwa sauti ndogo kama ya mlango unaohitaji mafuta. Jumanne hakutoka chini ya kitanda.

Nilimtia kwenye boksi la sabuni, nikampeleka kwenye duka la dawa za mifugo kule Kansanga. Dada wa dukani alimgeuza taratibu, akamvuta ngozi ya shingo.

"Anakunywa maji kiasi gani kwa siku, mzee?"

"Dende hanywi maji."

"Nani amekuambia?"

"Mama yangu."

Hakunicheka. "Kwenu mvua inanyesha sana?"

"Karibu kila siku."

"Basi majani ya kwenu yalikuwa na maji ndani. Mama yako hakukosea. Lakini hapa si kwenu." Akanipa bomba la sindano lisilo na sindano, nimnyweshe matone. "Amezeeka pia. Inawezekana ni uzee tu, siwezi kukuambia kwa hakika."

Neno hilo la uzee nililibeba njia nzima ya kurudi, kama mtu aliyepewa pesa isiyo yake.

Alhamisi mchana nilimlaza kifuani, juu ya kitenge cha marehemu mke wangu. Nilimpa maji. Machache aliyameza, mengine yakamtiririka kidevuni. Sikuwahi kufundishwa sala ya mnyama. Nikamshukuru Mungu kwa ajili yake kama ninavyoshukuru kwa mvua na kwa chakula, halafu nikamwomba dende mwenyewe msamaha, kwa sauti, kwa lugha ya kwetu milimani. Nikasema amina. Alitikisa pua tu. Kabla ya saa kumi moyo wake niliokuwa nausikia chini ya kidole ulikuwa umenyamaza.

Nilimwomba jirani jembe. Akaniangalia, akaangalia boksi.

"Mzee, nyinyi Wakongo si munakulaga hizi?"

"Tunakula."

"Na hii?"

"Hii hapana."

Akaweka chini kopo lake la kupimia makaa, akakata jani la mgomba, akachimba yeye mwenyewe kando ya ukuta kwa kuwa mgongo wangu hauinami vizuri. Hakumwita panya siku hiyo, kama alivyozoea kumwita.

Kutoka Alhamisi hadi Jumapili nilikuwa na siku mbili za kufikiri. Ningeweza kusema ni uzee. Dada wa dukani alikuwa ameutaja, si mimi. Nami niliogopa jambo kubwa kuliko kuaibika. Kama mtoto alikuwa akimpigia dende, sasa angempigia nani?

Simu ilipolia nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu kifuniko kilichokaa rafuni, na kuhusu siku ile nilipokiweka mbele ya simu.

Akasema polepole, "Ulisema yuko sawa."

"Nilisema."

Simu ikawekwa kifudifudi, nikabaki na giza la meza yao. Baadaye akaja mama yake, aliyekuwa nyumbani siku hiyo. "Baba, usijali. Ni mnyama tu."

"Usimwambie hivyo," nilisema.

Jumapili iliyofuata hapakuwa na simu. Niliiweka mezani tangu nilipotoka ibadani, nikakaa na viatu miguuni mpaka jua likahamia ukuta wa pili. Jumapili nyingine, vivyo hivyo. Asubuhi nilisali, nikasema amina, nikasikia jirani akimwaga makaa. Kifuniko nilikitoa rafuni nikakiweka sakafuni pale kilipopaswa kuwa. Hakuna sababu ya maana niliyokuwa nayo.

Jumapili ya tatu simu ililia. Alikuwa yeye, nywele zimesukwa upya. Hakuuliza kuhusu kaburi.

"Jajja, leo umekunywa maji?"

Jibu langu la zamani lilinijia mdomoni, tayari. Nikalimeza.

"Bado," nilisema.

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Nenda ukanywe. Mimi nangoja."

Nikaiegemeza simu kwenye Biblia, nikainuka, nikaenda kwenye jerikani.