Baroneti wa Tisa, Machame

Jumanne iliyopita tulimzika mzee Mwingereza katika makaburi ya usharika, Machame. Nilimfahamu zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda wote huo nilimwona mwongo. Alikuwa fundi wa pampu za maji, aliyefiwa na mkewe, mwalimu Mchagga, mtu wa kandambili. Lakini alisisitiza kwamba ni baroneti. Hicho ni cheo ambacho mfalme wa Uingereza alimpa mhenga wake aliyepeleka farasi vitani, na tangu hapo kikashuka kwa wanaume wa ukoo. Alinisimulia habari zao wote: mmoja alikufa maji, mwingine akauza hata madirisha ya nyumba, wa nane alikuwa kaka yake, aliyefariki bila mtoto. “Mimi ni wa tisa,” alisema, akikaza nati. Siku moja nikamtega, nikaomba hati. Akacheka. “Hati ya nini, mwandishi? Pampu haisomi.” Nikaondoka nikijua nimemkamata. Wazungu wanaodai walikuwa wakubwa kwao nimewaona wengi hapa Moshi.

Mazishini alifika binamu yake kutoka Uingereza na kitabu cha ukoo. Majina yote yalikuwemo, hata yule wa madirisha. Niliona haya, kisha nikaanza kumshuku binamu, maana hakuulizia ugonjwa wala kaburi. Aliuliza kama marehemu ameacha mtoto wa kiume. Alipoambiwa ni binti tu, akafunga kitabu haraka. Cheo sasa kilikuwa cha binamu.

Nikamfuata binti wa marehemu, nimejaa hasira. “Mwanangu, hii ni dhuluma.”

Akanitazama kwa shaka, kama ninavyowatazama watu wengine. “Baba mdogo, mama alipofariki na wajomba wakachukua kihamba, shamba la ukoo ambalo babu alimwachia, wewe si uliitwa shahidi? Mimi na baba tukahamia nyumba ya kupanga. Hukusema kitu. Ulikula mtori wao wa ndizi, ukaenda zako.”

Ni kweli. Ningesema nini, nami nimekalia kihamba cha baba yangu peke yangu? Shaka ni nyepesi tukiielekeza kwa mgeni. Mila yetu wenyewe hatuiombi hati. Jumamosi nilipanda nyumbani, nikamwita dada yangu, aliyepalilia kahawa ya kihamba kile tangu baba akiwa hai, nikamwuliza angependa mpaka wa sehemu yake upite wapi.

Akaweka jembe chini, akanikagua usoni. “Kaka,” akasema, “unataka nisaini nini?”