Laini Mbili Kwenye Kitochi Kimoja

Nauza chaja Kariakoo. Nauza na waya, vioo vya kubandika na pawabenki za kila saizi, kwenye kibanda chenye upana wa mlango, pembeni ya mtaa wa Msimbazi. Wanafunzi wanaokwenda kupiga kambi porini huja kwangu na mabegi mgongoni na kuuliza, "Mama, huko hakuna umeme, simu itakaa kweli?" Hapo ndipo huwa natoa darasa. Punguza mwanga. Zima intaneti. Usiilaze juani. Ukiwa huihitaji, iweke hali ya ndege. Wanaitikia, wananunua, wanaondoka. Mimi mwenyewe kambi nilikuwa sijawahi kupiga hata siku moja, lakini kuwafundisha wenzangu hakukuwahi kunishinda.

Nilipokuja kupiga kambi sikwenda mbali. Niliipiga Upanga, nje ya hospitali, bajaji zikipita upande wa pili wa ukuta.

Mama yangu aliletwa kutoka kwetu Kilimanjaro akiwa amejikunja kwa maumivu ya tumbo. Madaktari wakasema lazima apasuliwe. Kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, nesi aliandika namba yangu kwenye faili, kisha akanitazama usoni. "Dada, usiende mbali, na simu iwe hewani. Likitokea lolote tutakupigia wewe." Ningeweza kurudi kwangu Mbagala nikalala kitandani, ila hilo neno "lolote" lilinikaa kifuani. Nikasema sibanduki.

Ndugu wa wagonjwa tulikaa kwenye banda la bati upande wa nyuma. Mikeka chini, chupa za chai pembeni, khanga zimeanikwa kwenye uzio. Soketi hakuna. Wodini ndugu haruhusiwi kuchomeka chochote, na ni haki kabisa, mle ndani umeme una kazi ya kusaidia watu kupumua.

Simu yangu ni ile kubwa ya kioo, na ilianza kufa mbele ya macho yangu. Ukoo mzima ulikuwa kwenye kundi letu la simu, na ukoo wetu ukianza kuomba hauna breki. Kaka zangu walituma maombi ya sauti. Mashangazi walituma maombi ya video. Mjomba mmoja alituma picha za mishumaa inayowaka, moja baada ya nyingine. Nawashukuru mpaka leo, lakini maombi yale yalikuwa yanakula chaji. Nikapunguza mwanga, nikazima intaneti, nikalifuata darasa langu lote mpaka nilipofika kwenye hali ya ndege, nikakwama. Simu inayosubiri kupigiwa huwezi kuiweka hali ya ndege. Wale wanafunzi walikuwa wanakwenda kupiga picha za tembo. Hawakuwa wanasubiri kuambiwa kama bado wana mama.

Nikatoa pawabenki niliyojichagulia dukani kwangu, ile yenye maandishi makubwa kuliko zote. Ikawasha taa zake kwa madaha, ikatia chaji ya kulambisha tu, ikazima moja kwa moja. Nilikasirika mpaka nikacheka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha kuchajia simu, lakini kuiacha pale kulikuwa sawa na kumwachia mwenye kibanda habari za mama yangu azipokee yeye. Nikabaki nayo mkononi, naichungulia. Kila nikiichungulia kioo kinawaka, na kila kikiwaka chaji inashuka.

Kwenye mkeka wa jirani alikuwepo mama mmoja wa Lindi, mkaanga samaki wa soko la Feri. Binti yake alikuwa wodi ya wazazi, ameshikwa na uchungu na mtoto hataki kutoka. Nadhani alichoka kunitazama.

"Mwanangu, hiyo simu ina jipu? Mbona unaitazama hivyo?"

"Shikamoo mama. Inakaribia kuzima, na ndiyo namba waliyonayo wodini."

"Marahaba. Sasa si utoe laini uweke humu?" Akafungua fundo la khanga, akatoa kitochi, simu ndogo ya batani iliyofungwa rababendi, inanukia mafuta ya samaki. "Hii sikumbuki hata niliichaji lini. Na ina vyumba viwili, kimoja hakina mpangaji."

Nikavua hereni, nikachomoa laini yangu kwa ncha yake. Ilikuwa ile ndogo iliyokatwa, na tundu la kitochi ni kubwa, ila chini ya mkoba nilikuta kile kiplastiki cha kuipachikia ninachouza kila siku. Angalau hapo duka langu lilinifaa. Laini ikaingia, rababendi ikarudi mahali pake.

Ndipo tulipotambua tulichokuwa tumefanya. Mlio ulikuwa mmoja kwa laini zote mbili. Yeye maandishi madogo hayaoni, kwa hiyo kusoma ikawa kazi yangu. Kitochi kikiandika moja, ni laini yake, habari za binti yake. Kikiandika mbili, ni yangu, habari za mama yangu.

Kikalia. Tukashikana mikono kabla sijasoma. Mbili. Nikapokea.

"Mambo dada! Zile waya fupi zimeingia?"

Mteja! Kabla sijajibu, yule mama alikuwa ameshaninyang'anya kitochi. "Kaka, hapa watu tuna roho mkononi, wewe unauliza waya? Kata simu!" Mteja akakata. Mpaka leo akija dukani ananisalimia kwa adabu sana.

Tukarudi kusubiri. Yeye alikuwa na tasbihi yake, mimi na rozari yangu, kitochi kimelala katikati yetu juu ya mkeka. Nilikuwa naomba kiandike mbili. Halafu namwona anavyovuta punje za tasbihi, midomo imemkauka, naona haya, naomba kiandike moja. Baadaye nikaacha kuchagua, nikawa naomba tu kilie.

Mchana, watu wakiwa wanafungua vyombo vya chakula, kikalia.

"Moja," nikasema. "Ni yako, mama."

Mkono wake haukunyooka. "Sikiliza wewe. Mimi siwezi."

Nikasikiliza. Mtoto wa kike, mama yake salama. Nilipomwambia, akapiga kigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Alipokwishajua, naye akacheka.

Yule mama akajifunga khanga vizuri aende akamwone mjukuu. Nikanyoosha mkono nimrudishie kitochi chake. Akakisukuma kifuani kwangu. "Kaa nacho. Mimi yangu nimeshaisikia."

Aliondoka, nikakaa peke yangu na simu ya mtu nisiyemjua hata jina. Kwetu Kariakoo hata stuli hatuazimani bila kuacha kitu. Nililia pale mkekani, na nusu ya machozi yale ilikuwa kwa ajili yake.

Alirudi jua likiwa linalegea, na chai kwenye kikombe cha plastiki. Alikuwa hajakaa sawasawa kitochi kikalia. Nilisoma namba, nikamsukumia kitochi.

"Mbili," nikasema. "Mama, sikiliza wewe. Mimi siwezi."

Akaweka chai chini, akapokea. "Ndiyo. Ndiyo, mimi ndugu yake. Ndiyo, nesi." Alisikiliza muda ambao kwangu haukuwa na mwisho, uso wake hauniambii kitu. Kisha akanigeukia.

"Ameamka. Anauliza kama umekula."

Sikumbuki nilivaa viatu au sikuvaa. Nilikimbia wodini nikaacha mkeka, mkoba, chai na kila kitu. Mama yangu alikuwa amelala mirija mwilini, sauti imepungua ikabaki uzi, na bado alitaka kujua kwa nini nimekonda. Niliushika mkono wake wenye joto, nikamshukuru Mungu kwa maneno yasiyopangika.

Nilipotoka kesho yake asubuhi, mkoba wangu ulikuwa umehifadhiwa kwa mlinzi na mkeka wa jirani haukuwepo. Binti wa yule mama alikuwa ameruhusiwa, wameondoka na bajaji na kitoto chao. Kitochi wamekwenda nacho, na ndani yake imo laini yangu.

Nikaazima simu ya mlinzi, nikapiga namba yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kusema: samahani mama, nimesahau laini, nikufuate wapi? Ikaita, ikapokelewa. Nyuma kulikuwa na kelele za watu, sufuria na kichanga kinacholia.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Mama ameamkaje?"

Maneno yote niliyoandaa yakanipotea. Nikamwambia ameamka vizuri, amekunywa uji.

"Amekunywa uji!" akawapigia kelele watu wa nyumbani kwake, na nyumba nzima nisiyoijua ikapiga vigelegele.