Ufa Usoni mwa Mfalme

Sarafu kuukuu ukizishika kwa muda mrefu huacha harufu vidoleni, harufu kali ya chuma ambayo sabuni haiitoi upesi. Likizo moja ya joto hapa Maskati mikono yangu ilinuka hivyo kutwa, na mama alinirudisha kunawa kila sinia la wali lilipotengwa. Nje hapakukalika. Nyumbani kwetu Al Khuwair, babu yangu, aliyekuwa karani wa bandari Unguja, alinifungulia bati la biskuti lililojaa sarafu za Kiingereza alizopewa na mabaharia, akanifundisha kutafuta zilizokosewa zilipopigwa chapa: tarakimu ya mwaka iliyojirudia, herufi iliyokosa mguu.

Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya fedha, yenye mstari mwembamba uliotoka kwenye paji la uso wa mfalme hadi kidevuni. Nilidhani imekwaruzwa. Babu akakishika kidole changu, akakipitisha juu yake. "Mkwaruzo huzama, bibi. Huu umetuna. Chapa yenyewe, kile chuma cha kupigia sarafu, ilipasuka, fedha ikaingia ndani ya ufa. Nnakupa, hii yako." Mimi ni kitinda mimba, kila nilichovaa kilikuwa kimevaliwa na dada yangu kwanza. Ile sarafu ilikuwa yangu peke yangu.

Mwisho wa likizo dada yangu akaolewa. Kwetu bibi harusi huvishwa kidani cha fedha cha ukoo, na sarafu moja ya kidani hicho ilikuwa imedondoka. Shangazi, dada yake baba, akafungua kabati langu, akaichukua yangu bila kuniuliza, akaipeleka kwa sonara katika soko la Matrah. Siku ya hina akaileta inang'aa, imetiwa kishikizo, na uso wa mfalme umesawazishwa kama ganda la yai. "Nimemwambia aipige tupa, aondoe lile kovu," alisema kwa furaha. "Bibi harusi havai kitu kibovu." Nikapiga kelele kuwa ni yangu. Wanawake waliopakwa hina wakacheka, mama akanifinya ninyamaze. Nikamkimbilia Babu sebuleni. Alikuwa anakunywa kahawa na wageni. "Waache, mjukuu wangu," alisema. "Hii furaha ya watu."

Hapo ndipo hasira yangu ilipokaa. Shangazi hakujua alichokifuta. Babu alijua, tena ndiye aliyenifundisha kukithamini, na aliona aibu kumtetea mtoto mbele ya wageni. Nampenda, Mungu amrehemu, lakini nikimkumbuka damu bado inanichemka.

Siku hizi, nikitoka kazini, hutazama mtandaoni picha za sarafu, na watu wakibishana kwa heshima juu ya nyufa kama ule. Watu wazima, na hakuna anayewacheka. Nimeitafuta sarafu yenye ufa uleule, sijaiona. Mwezi uliopita Shangazi alikuja kwangu Khuwair ya Kusini kuniambia binti yangu naye atavaa kile kidani siku ya harusi yake. Nikamwambia hatakivaa, na nikamweleza sababu. Akanishangaa. "Yarabi! Miaka yote hii, mwanangu? Si ungelisema?"

"Nilisema, Shangazi. Mlicheka."

Akainamisha macho, akaniomba radhi kwa sauti ndogo. Nikamtilia chai, nikamsogezea na halua, kwa kuwa ni shangazi yangu. Kumsamehe, sijamsamehe.