Taa Niliyomwekea Elisha kwenye Pedi

Najua wapo watakaosema nimetunga. Sawa. Mimi hata mwalimu akiniuliza jina huwa naangalia chini, sasa nitapata wapi ujasiri wa kudanganya watu? Haya yamenipata mimi, hapa kwetu Ulemo, saa kumi alasiri, jua bado linachoma.

Elisha ni mtoto wa mama mdogo. Tumelingana umri, tumekua pamoja. Kwao kulikuwa na gemu ya mpira, na pedi yake ya waya, ile unayoshika na kubonyeza ukicheza, ilikuwa mbovu, umeme unakatika katikati ya mchezo. Kila nikimfunga alipiga kelele, "Hilo siyo goli, pedi ilikata!" Nilipoenda bweni Kiomboi na kufundishwa habari za taa ndogo za LED, nikamwahidi kwamba nikirudi likizo nitamwekea moja kwenye pedi. Ikiwaka, umeme upo, visingizio vimeisha. Akacheka. "Harakisha, fundi wa bweni, usije ukanikuta mzee."

Nilipomaliza mtihani wa taifa wa kidato cha pili nilipata gari mapema, nikafika nyumbani siku moja kabla ya ile waliyonitegemea. Hakukuwa na mtu. Nikawasha jiko la mkaa uani nichemshe chai, na hapo Elisha akaingia na pedi mkononi.

Niamini, sikushtuka hata kidogo. Ningeshtuka kwa nini? Alikuwa Elisha yule yule, shati lake la bluu, ndala zake. Kitu kimoja tu, hakunitania.

"Wameshakuambia?" aliuliza.

"Kuniambia nini?"

Akaninyooshea pedi. "Basi. Umeleta taa?"

Nilikuwa nayo, nimeichomoa kwenye tochi mbovu, pamoja na rezista kutoka kwenye redio iliyokufa. Rezista ndiyo inayopunguza umeme, bila hiyo taa inaungua mara moja. Tukafungua pedi. Nikaweka msumari mnene kwenye mkaa mpaka ukawa mwekundu, ndio wa kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya. Nikaunga rezista kwenye mguu mrefu wa taa, kisha kwenye waya mwekundu, na mguu mfupi kwenye waya mweusi. Yeye alikuwa ameshika taa kwa vidole viwili isicheze.

Wewe ulishawahi kushika kitu kinachochomewa risasi? Moto unapanda kwenye ile miguu, lazima uachie. Tone la risasi likamwangukia kidoleni. Hakuachia.

"Elisha! Huungui?"

"Sisikii," alisema, kama mtu anayeomba radhi.

Tukachomeka waya kwenye betri ya kuchajia simu. Taa ikawaka, nyekundu. Akaitazama sana. Nilimwambia sasa hana pa kukimbilia, nitamfunga mpaka alie. Akatabasamu, akaniwekea pedi mapajani. "Ikae kwako," alisema, akatoka. Nilimwita anywe chai, hakugeuka.

Mama alirudi jua likizama, kanga ya msiba kiunoni, pamoja na mama mdogo. Nikawapa shikamoo. Wakasimama ghafla. Walikuwa wanaangalia pedi.

"Nani amekupa hiyo?" mama aliuliza.

"Elisha. Ametoka hapa sasa hivi."

Mama mdogo akakaa chini kwenye vumbi.

Elisha alikuwa amekufa kwa malaria siku arobaini zilizopita. Walikubaliana wote, mchungaji akiwemo, kwamba nisiambiwe mpaka nimalize mtihani. Siku ile walikuwa kwa mama mdogo kuondoa msiba. Walipofungua sanduku la Elisha kugawa vitu vyake, pedi haikuwemo, na ufunguo alikuwa nao mama mdogo peke yake.

Unadhani mama mdogo aliniuliza kuhusu mizimu? Alinishika mikono, akauliza, "Alikuwa bado anatetemeka?"

Nikasema hapana, mama, alikuwa ametulia kabisa.

"Alikuwa na viatu?"

"Ndala zake."

Akalia mpaka giza likaingia, na mimi nikalia naye. Tangu siku ile siwezi kushika msumari wa moto, vidole vinakufa ganzi. Pedi ipo chini ya mto wangu. Wengine wanasema niizike, mama mdogo amekataa.

Kwa hiyo ninyi mlio na mtoto bweni, nawaomba, msimfiche msiba kwa ajili ya mtihani. Mwambieni alie, mtihani utarudiwa. Msipomwambia, marehemu atalazimika kuja mwenyewe, na akifika atamwonea huruma, atashindwa kusema.

Matokeo yametoka. Nimefaulu vizuri, watu wananipongeza. Mimi nawaza tu kwamba siku wanamzika ndugu yangu, kila mtu akitupa udongo wake kaburini, mimi nilikuwa darasani nakariri.