Vidonge Sita vya Rangi Mbili

Mdogo wangu alirudi kutoka hospitali na vali ya bandia, kilango cha kupitishia damu, ndani ya moyo, na onyo moja: homa yoyote, hata ndogo, asimeze dawa, aende kwanza apimwe damu. Onyo hilo nililisikia kwa masikio yangu, maana mimi ndiye niliyemsindikiza. Ndiyo sababu sina wa kumlaumu kwa raha.

Nyumbani kwetu Kisondela tuliizoea vali ile. Ukikaa jikoni kimya uliisikia ikigonga, tik, tik, na mama akimtania: "Wewe usichelewe kanisani, mwanangu, saa unatembea nayo kifuani."

Mwezi wa saba aling'oa jino. Aliyemng'oa hakuuliza habari za moyo, naye hakusema. Wiki mbili baadaye akaanza kutetemeka. Na nani hatetemeki Rungwe mwezi wa saba? Ukungu unashinda mlangoni, watu wanalima na makoti.

"Baridi tu hii, dada," akasema.

Nikamwongezea sweta. Sweta! Mpaka leo nikiliona kambani natamani kulichoma moto.

Kumbe ilikuwa homa, nayo ikakataa kushuka. Kesho yake gari la wanunuzi wa maparachichi lilikuwa linakuja, na hakutaka kuyaacha mtini. Nikapanda bodaboda hadi duka la dawa, nikaomba vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua bakteria, sita. Muuzaji hakuuliza ni vya nani, nami sikusema. Mdogo wangu akameza, akapata nafuu, akachuma maparachichi akicheka.

Homa iliporudi ndipo tukaenda hospitali. Damu ikaoteshwa maabara kutafuta bakteria, haikuota kitu.

"Amemeza dawa yoyote?" daktari akauliza.

Nikamwambia. Akavua miwani. Vidonge vile, akaeleza, vilikuwa vichache mno kuwaua bakteria walioingia kwenye damu kupitia kidonda cha jino wakashika vali, ila vimetosha kuwaficha. Sasa wangetibu kwa kubahatisha. Nilimchukia kwa upole wake. Angenitukana ningeshukuru.

Siku ya tano ya matibabu kipande cha uchafu wa bakteria kiling'oka kwenye vali, kikaenda na damu mpaka kichwani. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakaisha.

Majirani wanakuja kutuambia kazi ya Mungu haina makosa. Nawajibu vibaya, nakiri. Mungu hakupanda bodaboda.

Mama hatanii tena. Mdogo wangu amebakiwa na neno moja, "dada". Akitaka maji ni dada, uji ni dada, choo ni dada. Siku nzima ananiita.