Siku Niliyomfukuza Baba Mkwe Jukwaani

Baba mkwe wangu ameshiriki mashindano ya taifa ya maigizo ya ridhaa tangu ujana wake. Yaani ameshiriki mchujo wa mkoa, hapa hapa Sumbawanga, maana zaidi ya hapo hajawahi kufika. Ukimwachia nafasi atakupa historia yote: enzi za ngonjera na vijiji vya ujamaa, kisha miaka ya UKIMWI ambapo kila kikundi kilikuwa na maiti jukwaani, na siku hizi wazee kudhulumiwa mashamba. Mada zimebadilika sana. Yeye kurudi nyumbani mapema hakujabadilika.

Mwaka jana magoti yalishaanza kumsumbua.

"Safari hii nataka kufika taifa, mwanangu," aliniambia. "Kisha nipumzike."

Mchezo wao ulihitaji mkwe mkorofi wa kumfukuza mzee nyumbani. Wanawake wote wa kikundi walikataa kumfokea mzee yule. Nikabaki mimi, mkwe wake wa kweli, ninayeishi naye Kizwite.

Mazoezi yalikuwa kituko. Kila nikiingia kumfokea, miguu inakunjika yenyewe. Nachuchumaa, napiga makofi taratibu kama tulivyolelewa Ufipa, "Shikamoo baba," ndipo namwambia afungashe virago. Kikundi kizima hoi kwa kicheko, isipokuwa yeye.

"Usinitazame," alinielekeza. "Fikiria kitu kinachokuudhi kweli."

Siku ya mchujo nikafikiria. Kumbe vilikuwepo! Maneno ya mchezo yaliisha, ulimi ukakataa kusimama: matope ya buti zake kwenye sakafu niliyopiga deki, redio yake ya alfajiri, mlenda wangu anaousukuma pembeni mbele ya wageni. Mzee akaokota kifurushi chake, akatoka. Majaji waliandika haraka haraka.

Tulishinda. Kikundi kilininyanyua juu juu, nami nikajiona nyota. Nilipomtafuta baba tufurahi pamoja, nikaambiwa ameshaondoka, kwa miguu.

Jioni nilikuwa jikoni napepeta mchele wa Mtowisa.

"Hodi," sauti yake ikasema.

Nikageuka. Masikio yalinichoma kwa aibu. Baba mkwe alikuwa amesimama nje ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, mlango uko wazi, anasubiri nimkaribishe.