Mteremko wa Baba Mdogo

Kwetu gari halifiki. Desemba iliyopita nilitoka mjini Kisii, nikapita Kebirigo soko likiwa limefurika watu na ndizi, nikakata kona ya kushuka nyumbani, na kama kila mwaka ikanibidi niliache gari langu kando ya daraja na kupanda kilima kwa miguu, mizigo mkononi. Wageni huniuliza inakuwaje watu wenye ardhi mpaka barabarani wakose njia ya gari. Huwa nawajibu kwamba ni kwa sababu ya chai. Si uongo. Chai imesimama pale mistari na mistari, na ukiipita asubuhi inakulowesha mpaka magotini. Lakini wewe ni rafiki yangu wa siku nyingi, kwa hiyo kaa nikwambie iliyobaki.

Zamani palikuwa na njia. Ilianza uani kwa nyanya, ikateremka katikati ya shamba la baba mdogo, mdogo wake baba, mpaka darajani. Baba alikuwa na gari, la pekee katika kilima chetu, kigari cha buluu iliyochujuka ambacho alikinunua watu wengine wakiwa wamekwisha kukichoka. Alikuwa mtunza stoo mjini, katika duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi, na funguo za stoo zilikaa naye. Asipofika, wateja wanasimama nje. Mwenye duka alikuwa mtu mpole, ila kwenye saa hakuwa na mchezo, na alikuwa amemwonya baba kwamba akiendelea kuchelewa funguo zitapewa mtu mwingine.

Na kigari kile kilijua kumchelewesha mtu. Mvua ya jioni ikinyesha, na unajua kwetu mvua ya jioni haikosi, unyevu unaingia kwenye nyaya za plagi na asubuhi injini inakohoa tu. Nyanya alitoa leso yake ya zamani iwe ya kukaushia nyaya, na mama alikuwa akiweka plagi kando ya moto, karibu na sufuria ya uji wa wimbi, zipate joto. Rejeta lilivuja, likazibwa kwa unga. Tangi la petroli lilitoboka, likazibwa kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Sisi watoto tulikuwa mafundi kabla ya kujua kusoma. Ungetuamsha usingizini tungekwambia hiyo harufu ni ya mkanda unaoungua au ni ya mafuta yanayodondokea bomba la moto.

Lakini ugonjwa mkubwa ulikuwa stata. Mwanzoni ilikuwa ikizinduka ikigongwa na nyundo, halafu ikakataa hata nyundo. Baba alisema atatafuta nyingine mwisho wa mwezi, na kila mwisho wa mwezi ulikuja na shida zake. Basi ikawa gari linawashwa kwa mteremko. Jioni liliegeshwa uani likiangalia chini, jiwe likiwa mbele ya gurudumu. Asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya migomba, tulitoka watoto wa nyumba zote mbili, wetu na wa baba mdogo, tukaondoa jiwe na kusukuma. Baba anaweka gia ya pili, anaachia klachi katikati ya mteremko, gari linaruka kama ndama aliyechapwa, na sisi tunashangilia. Hata Jumamosi, siku ya Sabato, tulisukuma, maana nyanya alikuwa ameamua kwamba kusukuma gari linaloenda kanisani hakuhesabiwi kuwa kazi.

Kulikuwa na sheria moja tu. Likishawaka, halisimami. Pale chini mbele ya daraja ni tope na tambarare, na likizimika hapo halina mteremko mwingine wa kuliwasha. Mwenye safari alirukia ndani likitembea. Ukiacha daftari, limebaki.

Binti mkubwa wa baba mdogo, ambaye kwetu haitwi binamu bali dada, ndiye aliyekuwa nguvu yetu. Wengine tulining'inia nyuma tukijidai tunasukuma. Yeye alisukuma ubavuni, bega lake kwenye nguzo ya mlango, na alikuwa akimwambia baba wakati wa kuachia klachi. "Sasa, tata mkubwa," na gari linawaka. Baba aliamini sauti yake kuliko masikio yake mwenyewe. Jioni akitoka mjini alimletea mandazi, yake peke yake, na sisi tulinuna.

Siku ninayoisema mimi sikusukuma. Nilikuwa na jino bovu, shavu limefura, nimekaa mbele na leso kichwani nikipelekwa mjini kung'olewa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha vibaya. Dada alisukuma pale pale pake, akasema "Sasa," gari likaruka, na miguu yake ikateleza. Nilimwona akitoweka dirishani. Kisha gurudumu la nyuma likapanda kitu na kukishuka.

Nilimwambia baba, "Tata, ameanguka. Simama."

Baba aliangalia kioo. Hilo nililiona kwa macho yangu, aliinua kichwa akaangalia kioo. Injini ilikuwa imewaka vizuri.

"Nikisimama haitawaka tena," akasema. "Watoto wanaanguka kila siku."

Tukavuka daraja.

Jino liling'olewa. Nilishinda stoo juu ya magunia ya saruji nikimeza damu, na baba alikuwa akipita na kunipapasa kichwa. Tuliporudi jioni tulimkuta nyanya amekaa mlangoni, na hakuitika salamu. Dada alikuwa amepondeka goti. Walimpandisha mpaka barabara ya lami kwa wilibaro, wamemtandikia majani ya migomba, baba yake akisukuma na mama yake akishika ule mguu usicheze. Gari la kilima chetu lilikuwa mjini.

Aliporudi kutoka hospitali mguu ulikuwa umeunga vibaya, haukunjiki. Mashamba yetu yote ni miteremko. Mtu asiyekunja goti hachumi chai kwetu, hateki maji, hafiki shuleni mvua ikinyesha. Akawa mtu wa kukaa chini na kumenya ndizi. Alikuwa msichana wa kukimbia, na mimi nilimwona akijifunza kukaa.

Nyanya aliwaita wanawe wawili nyumbani kwake. Alipika obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga ya chinsaga, na chakula kikapoa bila kuguswa. Baba alisema hakuona. Alilisema kwa upole, kama mtu anayeonewa. Nyanya akanigeukia.

"Wewe ulikuwa mbele. Aliona?"

"Nilimwambia," nikasema. "Akaangalia kioo."

Baba hakunipiga. Ningependa angenipiga. Kuanzia siku hiyo hakuniita kwa jina langu, aliniita Shahidi. "Shahidi, lete maji." "Mwambieni Shahidi chakula kiko tayari." Ndugu zangu walicheka wakidhani ni utani. Nilikulia ndani ya jina hilo, na nakwambia ukweli, bado linaniuma.

Mvua za masika zilipoanza baba mdogo alileta miche ya chai kwenye mifuko, akachimba mashimo kukata njia kutoka ukingo hadi ukingo, akapanda. Baba alimfuata.

"Sasa gari yangu itapita wapi?"

"Hii ni shamba yangu," baba mdogo akamjibu bila kuinua kichwa. "Gari yako ikae hapo juu ipumzike."

Ikakaa. Asubuhi zile zilizofuata ndizo zinazonitia uchungu kuliko zote. Baba aligonga stata, akaifungua, akaisugua kwa msasa, akaifunga, akaigonga tena. Aliazima betri. Alitulazimisha sisi wa nyumba yake peke yetu tulizungushe gari uani pa tambarare, mama akiwa katikati yetu na mimba yake, na gari halikushika mwendo wa kutosha hata siku moja. Watoto wa baba mdogo walisimama upande wao wakitutazama. Haukupita muda mrefu, funguo za stoo zikapewa mtu mwingine. Baba alirudi akasema amefanyiwa fitina na ndugu yake, na hayo ndiyo anayoyasema mpaka leo kanisani, sokoni na matangani.

Nyanya alikufa akiwa na wana wawili wasioongea. Ule ua mmoja umekatwa kwa wigo wa miti, na kila nyumba ina kisima chake na mbwa wake. Watoto wangu hawawajui watoto wa kule. Hakuna tena asubuhi ya kelele, hakuna sufuria moja ya uji ya nyumba mbili. Dada huuza ndizi Kebirigo, amekaa, mguu umenyooshwa mbele. Nikipita huniongezea ndizi moja na kuniuliza, "Tata mkubwa anaendeleaje?" Huuliza kwa moyo safi, na mimi hutamani angenitukana.

Desemba hiyo nilikaa na baba sebuleni, tukinywa chai. Amezeeka, macho yamepata ukungu. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Tata, siku ile ulimwona?"

Hakuniuliza siku gani. Aliweka kikombe chini, akaangalia mlango, na mimi nikaanza kumhurumia, nikidhani sasa atalia, na kwamba akilia nitamshika mkono twende kwa dada.

"Siku ile," akasema, "sikuchelewa."